Pipa la Nne

Tulipoachana wiki iliyopita nilikuwa juu ya ngazi, mkono wa kulia umenasa ndani ya bomba, na mwani niliouchemsha umeganda humo kama uji wa mgonjwa aliyekataa kula. Asanteni kwa pole zenu. Mkono ulitoka. Bomba lilikatwa.

Msomaji mmoja wa Lupingu amepiga simu kuuliza kwa nini nahangaika na majani ya baharini wakati Ziwa Nyasa lina majani yake ya bure. Kaka, niache nimalize aibu za bahari kwanza. Za ziwani nitazifuata nikipata nafasi.

Kwa anayeanza leo: naitwa Letisia, mzaliwa wa Matembwe, mkazi wa Kitandililo hapa Makambako. Nilikuwa na kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, upepo ukachukua paa. Nikafuga kuku, mdondo ukachukua kuku. Sasa nina mapipa ya mwani, na kila nikisikia hodi natoka kutazama nani amekuja kuyachukua.

Mnaoniuliza mwani umefikaje milimani, umefika kwa lori.

Mansoor, jirani yangu, anapeleka mbao na viazi Tanga. Gari lilikuwa likirudi tupu. Mkewe Mwanaheri, shoga yangu, kazaliwa huko pwani, kalima mwani tangu hajang'oka meno ya utoto. Dada zake bado wanalima. Mwani ukinyeshewa na mvua ukiwa kwenye chanja, mnunuzi anaukataa na unatupwa.

"Unaotupwa na gari tupu," aliniambia Mwanaheri, "si vioane?"

"Vioane vizae nini?"

"Waliwahi kutuita semina. Wakasema mwani unatoa gesi, unatoa spiriti ya kupikia, unatoa dawa za viwandani, na tutapewa nauli."

"Mkaviona?"

"Nauli tuliiona. Hivyo vingine walituonyesha ukutani."

Gesi tulijaribu. Mliosoma mnakumbuka ilivyokuwa kimya. Sasa tuko kwenye spiriti, na leo siwasimulii tu, naungama.

Kazi yenyewe ni hii. Mwani unaoshwa kwa maji ya bomba mara tatu, chumvi itoke. Unachemshwa na siki kali kutwa nzima mpaka uache kuvutika. Ukali wa siki unavunjwa kwa majivu. Unapoozwa, unatiwa kitu cha kuuchachusha, unakaa siku tano kwenye pipa. Halafu unarudi motoni, mvuke wake unapita kwenye bomba la shaba na kudondoka upande wa pili. Ukirudia mara tatu, kinachodondoka kinawaka moto wa buluu.

Chumvi ndiyo adui. Ikibaki, hakuna kinachochachuka. Ikifika motoni, inakula shaba.

Mashine ya kupima chumvi hatuna. Tuna kijiko cha Mwanaheri. Ni cha bati, kakitoboa mpini, anakivaa shingoni kwa uzi. Kila asubuhi anafunua pipa, anachota, anaonja, anafumba macho, anatoa hukumu.

"Bado bahari."

Au: "Imetoka."

Halafu anachukua chaki na kuiandika hukumu ukutani, namba ya pipa na maneno mawili matatu. Mapipa yenyewe tunayo saba, tunayarudia, lakini ukutani hesabu inaendelea. Mpaka wiki jana ilikuwa imefika kumi na tisa. Na hajawahi kukosea. Wakulima wa mwani wote wa kwao hupima hivyo, ulimi ukiwa ndio ofisi.

Sasa nirudi kwa Mansoor.

Mansoor ni mtu wa utaratibu. Hata turubai lililolowa analikunja pembe kwa pembe. Siku tulipomwomba abebe mwani, aliniketisha sebuleni kwake, mkewe pembeni.

"Shemeji Letisia, wewe nakujua. Ulikuwa na kilabu."

"Paa liliondoka, shemeji."

"Paa liliondoka. Ujuzi je?"

Nikatazama kapeti.

"Spiriti ya kuwasha jiko sina neno nayo," akasema. "Nimemuuliza sheikh, kasema ya kuunguza si ya kunywa. Lakini sitaki nipandishe mwani kutoka kwa shemeji zangu, halafu uani kwako pawe kilabu kimerudi kwa mlango wa nyuma. Kitakachochachusha humo ni nini?"

"Hamira, shemeji. Ya maandazi."

"Hamira tu?"

"Hamira tu."

"Hakuna ulanzi, hakuna komoni wala pombe nyingine?"

"Hakuna."

"Apa."

Nikashika rozari yangu, nikaapa. Mwanaheri akatabasamu. Mansoor akaita chai.

Nataka mjue kwamba siku naapa ilikuwa kweli. Kweli hiyo iliishi siku kumi na sita.

Pipa la kwanza, hamira ilikufa kwa chumvi. La pili, ilikufa kwa baridi. La tatu sijui ilikufa kwa nini. Nadhani ilisikia habari za wenzake.

Magunia arobaini yalikuwa yamelala stoo na mengine yako njiani. Mwanaheri alikuwa amewaambia dada zake wasitupe tena hata jani moja la mwani. Siku ya pipa la tatu alikaa juu ya gunia, kijiko mkononi, hakukitumia.

"Shoga," akaniambia, "nitawaambia nini?"

Mimi natania watu tangu nazaliwa. Siku ile sikupata utani. Kesho yake nikapanda gari la Matembwe kwa kaka yangu Mikaeli.

Mbena yeyote anajua nilichofuata. Ulanzi hauhitaji hamira. Mwanzi unachanjwa, maji yake matamu yanadondoka kwenye mbeta, kopo la mwanzi, na ukitaka yachachuke upesi unayamiminia mashapo ya jana. Mashapo yale yamezaliwa kwenye baridi, yakakulia kwenye baridi. Hayaogopi Makambako.

Nilirudi na dumu la lita tano. Mwanaheri alikuwa msibani. Nikafunua pipa la nne, nikamimina.

Siku ya pili pipa likaanza kuongea.

Mwanaheri aliporudi akaweka sikio kwenye bati, akaruka kama msichana. "Shoga, linachemka! Umefanyaje?"

"Nimeliombea."

Akachota. Akaonja. Akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

"Chumvi imetoka," akasema. "Ila lina utamu wa mbali."

"Mwani umeshazoea hali ya hewa."

"Kumbe mwani nao unazoea baridi?"

"Wewe si umezoea?"

Akacheka. Akaonja tena, ahakikishe. Akaandika ukutani.

Wiki ile tulipata chupa ya kwanza iliyowaka. Mwanaheri aliushika moto wa buluu kwa macho kama mtu anayemtazama mtoto wake akitembea. Alimpigia simu dada yake, akamwekea simu karibu na jiko, eti asikilize. Moto wa spiriti hauna sauti. Dada yake kule Tanga akapiga vigelegele hivyohivyo.

Baada ya hapo ningesemaje?

Dumu nililiandika DAWA kwa kalamu isiyofutika. Kila wiki Mikaeli analipandisha basi, nalipokea stendi. Pipa la tano, la sita, la kumi. Mwanaheri akauliza ni dawa gani, nikamwambia ya kuamsha hamira. Huo nao si uongo sana. Hamira inaamka kweli, kwa sababu si hamira.

Kisha masista wa huko Njombe wakasikia.

Wana shule ya wasichana, na jiko lao linakula kuni kama gari moshi. Sista Jenifer, mkuu wa jiko na bustani, alinipigia mwenyewe. "Mama Letisia, tutakuja kuona Jumamosi. Jiko likichemsha kama unavyosema, tunachukua spiriti yako muhula mzima. Padri Ambrose naye atakuja."

Mkataba wa muhula mzima! Maana yake mwani wa kina dada wa Mwanaheri hautupwi tena. Nilifurahi siku moja. Siku ya pili dhamiri ikaanza kuniuma mahali ambapo sikujua bado ninapo.

Nilikwenda Njombe kupeleka chupa ya mfano, nikapitia kanisani kwa kitubio. Padri Ambrose alikuwa upande wa pili wa wavu.

"Padri, niliapa, na kiapo kimeharibika."

"Kiapo hakiharibiki chenyewe kama maziwa, mama. Nani amekiharibu?"

"Mimi."

"Eleza."

"Niliapa sitatia ulanzi kwenye mwani."

Nikamsikia akisogea karibu na wavu.

"Mwani ni nini?"

"Majani ya baharini, Padri."

"Yamefikaje huku?"

"Kwa lori."

Akakohoa. "Endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho. Akashusha pumzi.

"Uliyemkosea ni Mansoor huyo. Kuna mwingine?"

"Hakuna, Padri. Ni Mansoor tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Sali rozari moja. Na ukamwambie Mansoor, kwa mdomo wako mwenyewe, kabla sisi hatujafika Jumamosi. Asije akasimama mbele za watu kwa neno la uongo asilolijua."

"Sawa, Padri."

"Na hilo jiko," akaongeza kwa sauti ya chini, "maharage linayaivisha kwa muda gani?"

Jumatano nilikwenda kwa Mansoor kusema. Nikamkuta na wageni wawili, wasafirishaji wenzake kutoka Mbeya. Kabla sijavua viatu akaninyooshea mkono.

"Huyu ndiye Letisia niliyekuwa nawaambia. Mtu wa kanisani, lakini akisema neno, limesemwa."

Wageni wakaniangalia kama mnara. Nikala haluwa, nikashukuru, nikaondoka na neno langu bila kulisema.

Ijumaa asubuhi nikachukua simu. Nilijiambia nitasema bila kusalimia, nisije nikapotea njiani. Akapokea yeye kwanza.

"Shemeji! Nilikuwa nataka kukupigia. Niko Matembwe napakia mbao. Kaka yako kanipa dumu lako la dawa."

Nikakaa chini.

Nyuma yake nikamsikia Mikaeli akipaza sauti: "Kamwene, dada! Nimeona gari la nyumbani hili hapa, nikasema basi la nini?"

Kosa si la Mikaeli. Sikumwambia kitu. Nilimwambia alete ulanzi, sikumwambia ni siri. Mtu wa Matembwe ataanzaje kufikiri ulanzi ni siri?

"Sasa shemeji," Mansoor akaendelea, "dumu lenyewe kalifunga kwa gunzi la mahindi. Dawa ya watu, gunzi! Nimelitoa. Nimeweka kifuniko cha dumu langu la maji na nimekikaza kwa plaizi. Na sikuliweka nyuma na mbao. Liko hapa mbele, miguuni pangu, lisitikisike."

Kwa ambao hawajawahi kuishi na ulanzi, nieleze. Ulanzi unapumua. Gunzi lile si uchafu, ni pua. Mlevi wa mwisho kabisa hawezi kukaza dumu la ulanzi, hata akiwa amelala. Anayeweza kulikaza kwa plaizi ni mtu safi, ambaye hajawahi kuligusa maishani mwake.

"Shemeji, kilegeze hicho kifuniko," nikasema.

"Kimwagike? Hapana. Usiwe na wasiwasi, shemeji. Mzigo wako ni mzigo wangu."

Akakata.

Nikapiga tena. Huko mabondeni simu haishiki.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mudy, dereva wake. Kutoka Matembwe walitikiswa vya kutosha. Wakafika Njombe salama. Wakashika lami, jua likachoma kioo cha mbele. Kanzu nyeupe ya Mansoor ilikuwa imetundikwa nyuma ya kiti, imepigwa pasi, maana alipanga kushukia msikitini moja kwa moja.

Wakaingia foleni ya mizani, mwanzo wa Makambako. Hapo ndipo dumu likapasuka.

"Mlio kama tairi," Mudy akaniambia. "Nikaruka nje kukagua matairi. Nikayakagua yote, shangazi. Yote mazima. Nikarudi, nikamkuta bosi kakaa vilevile, mikono magotini. Anachuruzika ndevu. Na kanzu nayo inachuruzika."

"Alisema nini?"

"Alisema 'Inna lillahi'. Halafu akaniuliza ni saa ngapi."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia. Sala ya Ijumaa ilikuwa imeshampita."

Alasiri nilikwenda. Safari hii nilikuwa nimejiapiza, ijapokuwa viapo vyangu mnavijua. Mansoor alifungua mlango mwenyewe, ameoga, amevaa kanzu nyingine. Kwenye kamba uani ile ya kwanza ilikuwa imeanikwa.

"Shemeji, nisamehe," akasema.

"Mimi ndiye niliyekuja..."

"Hapana, nisamehe mimi. Dawa yako imepasuka mikononi mwangu."

"Shemeji, ile dawa..."

"Niambie tu inaitwaje, nikutafutie nyingine."

Akasimama mlangoni akinisubiri. Hakuwa na haraka yoyote. Ndani nilimsikia Mwanaheri akiimba, anaosha vyombo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, lenye herufi sita, nalijua tangu utoto.

"Haina jina, shemeji," nikasema.

Akanitazama.

"Haina jina," akarudia. "Haya."

Akafunga mlango taratibu, kama anavyofanya kila kitu.

Jumamosi saa tatu asubuhi pikapu ya misheni ikaingia uani kwangu. Alishuka Sista Jenifer na daftari. Alishuka Padri Ambrose, akanipa mkono, akaniuliza kwa macho. Nikatazama kuku wa jirani. Akaacha mkono wangu.

Nyuma walimleta Fidelia, mpishi wao, mama mnene mwenye macho mekundu ya miaka ishirini ya moshi wa kuni. Alikuja na sufuria yake na maji yake mwenyewe. Hakumwamini mtu.

Mansoor alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye benchi, kofia kichwani. Mwanaheri alivaa dira mpya na kijiko chake shingoni, kakisugua kwa mchanga mpaka kinang'aa. Nilimwona akimwonyesha Sista ukuta wa chaki.

"Hii ni kazi yako?" Sista akauliza.

"Ulimi ni wangu, Sista. Utundu ni wa Letisia."

Tukawasha.

Sitawachosha. Jiko liliwaka. Moto wa buluu, umetulia, hauna harufu isipokuwa ile ya pwani kwa mbali. Fidelia alitega sufuria, akakunja mikono, akasubiri moshi. Hakuna moshi. Maji yakaanza kuimba, yakachemka, akaweka majani ya chai, akaonja, akainama kuchungulia chini ya jiko.

"Moshi uko wapi?"

"Haupo, mama," nikamwambia.

"Sasa nikilia nitamsingizia nani?"

Watu wakacheka. Sista akaandika kitu kwenye daftari na kukipigia mstari. Mwanaheri alinishika mkono akaufinya mpaka ukauma. Mimi nikawaza: pengine Mungu naye anapenda chai, pengine itapita hivihivi.

Ndipo geti likagongwa.

Alikuwa mtendaji wetu wa kata, Bwana Lenard, na faili kwapani. Mtu mpole, mwenye mafua ya kudumu.

"Samahani kwa wageni," akasema. "Mama Letisia, nimepokea malalamiko ya majirani. Wanasema unapika gongo."

"Hii ni spiriti ya jiko, Mtendaji. Barua ya kuomba kibali niliileta kwako mwenyewe."

"Barua ninayo." Akafungua faili. "Umeandika mwani, maji, siki, majivu, hamira. Shida ni kwamba watu wanakujua. Na wanasema harufu inayotoka humu wanaijua pia."

Sista Jenifer akashusha kalamu. "Harufu gani?"

"Sista, mimi nina mafua. Nasema nilichoambiwa." Akapenga kamasi, akakunja leso. "Nina fomu mbili hapa. Moja inasema mtambo wa nishati, nyingine inasema pombe haramu. Sina maabara. Nipe mtu mmoja mwenye heshima zake, asiye wa ukoo wako, aape mbele yangu kwamba humu haiingii pombe ya aina yoyote. Akiapa, natia sahihi ya nishati, masista wanaendelea na mkataba wao, mimi naenda kunywa tangawizi."

Kabla hajamaliza Mansoor alikuwa amesimama.

"Mimi," akasema.

"Wewe unamjua?"

"Mwani wote umepanda kwenye gari langu. Na kilichochachusha aliniapia mwenyewe, sebuleni kwangu. Hamira tu. Nitaapa."

Mtendaji akatoa kalamu.

Nikamtazama Padri Ambrose. Mtu mmoja tu pale uani alijua ninachokijua, na mtu huyo alikuwa amefungwa mdomo na kitubio. Alitazama angani. Hakukuwa na ndege, hakukuwa na wingu. Alitazama hivyohivyo, mashavu yamevimba kama anayebeba gunia.

Mansoor akavuta pumzi. Akanyoosha kofia. "Wallahi..."

Ningemwacha, wasomaji. Nisijifanye mtakatifu. Ulimi wangu ulikuwa umeshakaa mahali pa kunyamaza. Ila niliiona kanzu yake. Ilikuwa ile ya jana, iliyofuliwa. Chini kabisa, kwenye upindo, doa la ulanzi lilikuwa limekataa kutoka, la rangi ya chai ya maziwa. Akiwa nalo hilo, anataka kuapa kwa ajili yangu.

"Shemeji, usiape!"

Kila mtu akageuka.

"Kuna ulanzi," nikasema. "Hamira ilikufa. Naanzisha kwa mashapo ya ulanzi wa Matembwe. Spiriti ni ya kuwaka kweli, lakini nilikuapia hautaingia, na umeingia. Ile dawa iliyokupasukia ndiyo yenyewe."

Padri Ambrose akashusha macho na kupumua, kama dumu lililotolewa kifuniko.

Mansoor hakupaza sauti. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitu, akakiweka juu ya meza kando ya sufuria ya Fidelia. Kifuniko cha dumu, cha buluu, chenye makovu ya plaizi.

"Jana nilikuuliza jina lake," akasema.

"Uliniuliza."

"Miaka kumi na nane naishi Makambako, shemeji. Hata mbuzi wa mji huu wanaijua harufu ya ulanzi. Nilisema nisiutaje mimi, uutaje wewe. Nikalala nikisubiri. Nikaja hapa nasubiri."

"Na kama ningekuacha uape?"

"Nilisema 'wallahi' tu. Mengine nilikuwa nakupa nafasi."

"Kwa hiyo niandike nini?" Mtendaji akauliza, kalamu hewani.

"Andika jiko linawaka, hilo umeliona. Kilichomo mwenye kujua amekisema, tena mbele ya mtendaji, padri na sista. Mimi kiapo chake nimekirudisha." Akaniangalia. "Umeniudhi, shemeji. Sana. Lakini hukuniacha nizame. Tutaongea."

Tutaongea! Mnajua neno hilo likitoka kwa mtu aliyekosewa? Kifua changu kilifunguka. Sista Jenifer alikuwa bado ameshika daftari, hajalifunga. Mtendaji alikuwa anapindua fomu, anatafuta ya tatu ambayo haipo. Nikaanza hata kufikiria utani wa kusema.

Ndipo nikasikia uzi unakatika.

Mwanaheri alikuwa ukutani, pale alipokuwa akimwonyesha Sista chaki zake. Hakuna aliyekuwa amemtazama tangu Mtendaji aingie. Mansoor alijua tangu jana, hakumwambia. Padri alijua, hakuweza kumwambia. Mimi nilijua kuliko wote.

Alikuwa ameshika kijiko mkononi, uzi unaning'inia.

"Mke wangu," Mansoor akaanza. Halafu naye akakiona kijiko.

*Kuna mwingine?* Padri aliniuliza, nyuma ya wavu. *Una hakika?*

Mwanaheri akanijia mpaka karibu. Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila asubuhi, ya kutoa hukumu.

"Shoga."

"Naam."

"Ulanzi uliuanza pipa la ngapi?"

Jibu lilikuwa ukutani, nyuma ya bega lake, kwa chaki, kwa mwandiko wake mwenyewe. *La 4. Imetoka. Utamu wa mbali.* Na chini yake mistari mingine kumi na mitano, asubuhi moja baada ya nyingine, kila mstari ukiwa ulanzi aliouweka ulimini bila kujua.

"Mwanaheri..."

"Sikukuuliza jina langu."

Alisubiri. Kisha akaanza kugeuka kutazama ukuta.